Mkaja wa Siku ya Mbwa

Masuyo Karasawa alijifunza kuendesha pikipiki akiwa na miaka hamsini na moja, umri ambao wanawake wengi wa Hosokubo wamekwisha kuanza kuyalalamikia magoti yao. Mtihani alianguka mara mbili. Mara ya tatu alipofaulu, mwalimu wake alimwambia kwamba tangu aanze kazi ile hajapata kuona mtu aliyeiangusha pikipiki mara nyingi vile, na kila mara akainuka bila kuona haya. Masuyo aliyapokea maneno hayo kama sifa. Kazi yake ilikuwa jikoni, kwenye shule ya msingi ya kijiji, ambako yeye na wenzake watatu walipika chakula cha mchana cha watoto mia na themanini. Mtu aliyezoea kukoroga supu ndani ya sufuria ambalo mtu mzima angeweza kuogea, kwa mwiko mrefu kama kasia, hatishwi na pikipiki ndogo nyekundu.

Tangu hapo, kila mwaka majani yalipoanza kuwaka milimani, aliomba ruhusa ya siku moja, akajifungia matonge ya wali, akaondoka peke yake. Mwaka wa kwanza mumewe Tokuji, mkulima wa matufaha, alimwuliza anakwenda na nani. Alijibiwa kwamba anakwenda na pikipiki. Hakuuliza tena. Masuyo alizunguka madhabahu mbili tatu za milimani, akainama, akapiga makofi mawili mbele ya mungu mwenye mahali, akaandikiwa jina la pale katika kitabu chake, akanywa chai, akarudi jioni mashavu mekundu kwa baridi. Hakukuwa na zaidi ya hilo, na kwake lilitosha.

Mwaka huu safari ilikuwa na shughuli.

Binti yake, Chinami, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kabla ya hiyo zilikuwapo mbili, na zote hazikufika mwezi wa nne. Nyakati zile, Masuyo alipotaja kwamba atamfuatia mkaja wa kufunga tumbo la mimba, Chinami alimjibu kwa upole kwamba hayo ni mambo ya kina bibi, hospitali kuna mashine. Masuyo hakubishana naye. Mashine kweli zilikuwapo. Halafu, wiki tatu zilizopita, Chinami alipiga simu kuuliza namna ya kupika boga lisivurugike, na mwishoni, pale mtu anapotaka kukata, akasema:

"Mama, ule mkaja aliokuletea Bibi ulipokuwa na mimba yangu, ulitoka wapi?"

"Ubusawa."

"Ni mbali?"

"Si mbali," alisema Masuyo.

Ni mbali. Ni saa tatu za kupanda na kushuka, kupitia mwanya wa Kurumi katikati ya milima, ambako barabara ina kona nyingi kuliko utumbo wa mbuzi.

Mkaja wa Ubusawa hautolewi mpya. Unapewa uliokwisha kufungwa na mwanamke mwingine aliyejifungua salama, na kwenye pindo umeandikwa kwa wino jina lake na la mtoto wake. Wako akizaliwa, unaurudisha pamoja na mpya ulioufunga wewe mwenyewe, wenye majina yenu, ukamngoje mwingine. Huchukuliwa siku ya mbwa, ambayo katika kalenda ya zamani huja mara moja kila baada ya siku kumi na mbili, kwa sababu mbwa huzaa bila makelele. Tena hufungwa siku hiyohiyo, jua halijazama. Na mwenye mimba asipoiweza safari, anayeufuata ni mama yake mzazi. Hilo halikuandikwa popote, ila hakuna asiyelijua.

Siku ya mbwa ya kwanza ya mwezi wa tano wa mimba ilikuja na dhoruba, barabara ikafungwa. Ya pili ndiyo hii, Jumanne ya tarehe nne Novemba. Ya tatu ingekuja Chinami ameingia mwezi wa sita, na mwanya wa Kurumi umefungwa kwa theluji mpaka Aprili. Kwa hiyo ilikuwa leo au basi.

Alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tokuji alikuwa tayari juu ya ngazi katikati ya miti yake, maana matufaha ya mwisho hayangoji mtu.

"Mama Chinami, breki umezitazama?"

"Nimezitazama jana. Wewe itazame ngazi yako."

Tokuji akaitazama ngazi. Mwaka jana ilimwangusha akakaa wiki mbili akilalia ubavu mmoja.

Ukungu ulikuwa bado umeulalia mto. Masuyo aliufuata taratibu, gia ya tatu, akipita nyumba ambazo barazani mwake yalining'inia matunda ya kaki yaliyomenywa na kutungwa nyuzi ili yakauke, safu juu ya safu, rangi ya chungwa bivu. Moshi wa makapi ya mpunga ulinuka mashambani. Njia ilipoanza kupanda, jua likatokeza, na misonobari ile inayopukutika ikaanza kumwaga sindano zake za dhahabu barabarani. Sindano hizo huteleza. Mgeni hufunga breki juu yake akajikuta kwenye mtaro. Masuyo alipunguza gesi kabla ya kona, akailaza pikipiki kidogo, akaiinua, akailaza tena upande wa pili, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Wanaume wawili wenye pikipiki kubwa walimpita kwa kishindo, mmoja akapunga mkono. Naye alipunga, lakini hakuwafuata. Kila mtu na mlima wake.

Saa mbili na nusu alifika juu ya mwanya, penye madhabahu ndogo ya mungu wa njia. Hakupata kuipita bila kusimama. Aliegesha, akavua glavu, akainama mbele ya lango la mbao, akapita chini yake, akanawa mikono na kusukutua, akapiga makofi mawili. Alimwombea Chinami. Alikuwa hajamaliza kuinama mara ya mwisho alipoitwa nyuma yake.

"Mama wa pikipiki, nikajua mwaka huu umekushinda."

Alikuwa Ogiwara, mwanamke mwembamba aliyejifunga taulo kichwani, ambaye kila vuli zamu ya kufagia majani ilikuwa kama imemganda mikononi. Walikuwa wakionana mara moja kwa mwaka, wakizungumza kama wameonana jana. Ogiwara alimwuliza habari za nyumbani, za matufaha, kisha za mama mzazi wa Masuyo, ambaye miaka yote alikuwa akimletea Ogiwara salamu kupitia kwa Masuyo ingawa hawakuwahi kukutana.

Masuyo akamwambia kwamba mama yake, Kikue, ametangulia, usingizini, akiwa na miaka tisini na mmoja, bila kumsumbua mtu. Jumapili iliyopita wamekwisha kumfanyia shughuli ya siku ya arobaini na tisa na kuvunja matanga. Mtawa wa hekalu lao alisoma vizuri, ndugu wote walikuja mpaka wa Nagoya.

Ogiwara alimpa pole. Halafu ufagio ukasimama.

"Alifariki tarehe ngapi?"

"Ishirini Septemba."

Ogiwara alitazama juu, midomo ikicheza, vidole vikigusana na kidole gumba. Masuyo alimwangalia akihesabu, na kabla hajamaliza, yeye mwenyewe alikwisha kufika.

"Leo ni siku ya arobaini na sita," alisema Ogiwara.

"Jumapili tuliifanya."

"Mliifanya Jumapili kwa sababu ndugu wana kazi zao. Kila mtu hufanya hivyo. Mtawa amewasogezea shughuli, dada yangu. Siku hazisogei. Na hiyo arobaini na tisa ni hesabu ya hekaluni. Huku kwetu madhabahuni ni hamsini kamili."

Yote hayo Masuyo aliyajua. Tangu utotoni alijua kwamba mwenye msiba wa mzazi hapiti chini ya lango la madhabahu mpaka siku hamsini ziishe. Lakini baada ya shughuli ya Jumapili nguo nyeusi zilirudi kabatini, samaki akarudi mezani, majirani wakasema sasa mmepumua, naye akapumua. Akageuka kulitazama lango alilopita dakika tano zilizotangulia. Lilikuwa lango tu, mbao mbili zimesimama na mbili zimelala.

"Na mtu mwenyewe ni wewe," Ogiwara alisema, "unayehesabu vijiko vya watoto mia mbili."

"Mia na themanini."

"Haya, mia na themanini."

Ogiwara aliingia ghalani akatoka na gao la chumvi ya kutakasa, akamnyunyizia mabegani na miguuni bila kuomba ruhusa. Alisema mungu wa pale ni wa njia, amezoea watu wenye matope, hatashikilia sana. Lakini aliposikia kwamba Masuyo anakwenda Ubusawa, tena kufuata mkaja, alikung'uta chumvi mikononi. Akauliza kwa nini mume hakutumwa. Masuyo akasema mumewe hupotea hata akienda sokoni, na kwamba mkaja hufuatwa na mama.

"Usipite lango la kule," alisema Ogiwara.

"Sitapita."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Nakwenda kwanza," alisema Masuyo, akivaa glavu. "Nikifika nitajua."

Haikuwa majivuno. Ndivyo alivyoishi. Jikoni, mchele ukipungua saa nne asubuhi, hukai chini ukalia mpaka saa sita. Unawasha moto, unaanza na kilichopo, kingine kinapatikana njiani.

Hata hivyo, katika kuteremka kuelekea Ubusawa, alijiuliza maswali yote. Angeweza kuingia tu. Nani angejua? Kuhani hasomi usoni tarehe ya msiba wa mtu. Au angepita pembeni, njia ya gari la mizigo, ambayo haina lango. Wapo wanaofanya hivyo, na wakitoka wanasema hawakupita. Lakini mungu si askari wa geti ukamzungukia mlango wa nyuma. Na tuseme angeingia, akautoa mkaja, Chinami akaufunga, halafu likatokea la kutokea. Daktari angesema sababu hii na hii, na angekuwa sahihi. Yeye Masuyo angelala na arobaini na sita yake kifuani mpaka kufa. Na akirudi mikono mitupu, Chinami atasema, haidhuru, Mama, kwa sauti ileile aliyosemea haidhuru mara mbili zilizopita. Sauti hiyo Masuyo hakutaka kuisikia mara ya tatu.

Kona ya mwisho ilifunguka, na bonde lote la Ubusawa likawa chini yake. Alisimamisha pikipiki. Miti ya momiji ilikuwa imefika kileleni mwa wekundu wake, kesho kutwa ingeanza kupukutika. Ilipanda kutoka mtoni hadi kwenye paa la madhabahu kama moto usio na moshi. Jani moja lilimwangukia juu ya tangi, dogo, lenye vidole vitano, kama kiganja cha mtoto mchanga. Kila mwaka wazee husema hivyo hivyo juu ya majani ya momiji, na kila mwaka ni kweli. Alilitazama mpaka upepo ukalichukua. Alikuwa ametoka mbali, na uzuri ule haukuwa na kosa. Akala tonge moja la wali akiwa amesimama, akawasha, akateremka.

Mbele ya lango kubwa palikuwa na kiwanja cha magari na jiwe refu lenye maandishi. Masuyo aliegesha upande wa nje, akavua kofia, akasimama kando ya jiwe. Watu walikuwa wengi, siku ya mbwa huwa hivyo: wake kwa waume wao, wake kwa mama zao. Aliwatazama jinsi anavyowatazama watoto kwenye foleni ya chakula, akitafuta. Aliyeshika mkono wa mkewe kama yai, huyo ana hofu yake inamtosha. Wale wanaopiga picha, hapana. Akaona gari jeupe likiingia, na ndani yake wakatoka wanawake wawili wanaobishana kuhusu viatu. Mkubwa, mnene, wa umri wake, alikuwa akisema kwamba mtu mwenye tumbo havai kiatu cha kamba. Na mdogo, mwenye tumbo lenyewe, alijibu kwamba kamba anafunga mumewe, kwa hiyo lawama ziende huko.

Masuyo akawaendea. Alisimama hatua tano mbali, akainama, akajitaja jina na kijiji. Akaeleza jambo lake lote bila kuficha: msiba, siku arobaini na sita, mkaja, binti.

Yule mkubwa, ambaye jina lake lilikuwa Fusae, alipolisikia neno msiba alimvuta yule mdogo, mkwewe, akamweka nyuma yake. Alifanya hivyo bila ukali, kama mtu anavyomtoa mtoto karibu na jiko.

"Pole kwa mama yako," alisema. "Lakini mkaja wa mwanao upite mikononi mwetu, sisi hatukujui, hutujui. Likitokea la kutokea utasema ni sisi."

"Nitasema ni mimi. Nimehesabu vibaya mimi, wala si ninyi."

"Ungengoja siku nne."

"Siku nne si siku ya mbwa. Na ijayo barabara haipo."

Fusae alilitazama lango, akaitazama pikipiki.

"Umekuja na hiyo? Kupitia Kurumi?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Ndiyo, dada."

"Kichaa," alisema Fusae, lakini taratibu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini ambayo mkwewe asingeisikia vizuri: "Amepoteza wangapi?"

"Wawili."

Mkwewe aliisikia. Akatoka nyuma ya mgongo wa mama mkwe, mikono juu ya tumbo. Jina lake lilikuwa Riho.

"Mama, kwani kuna shida gani kutaja majina mawili badala ya moja? Tukienda sokoni si unanunulia na jirani?"

"Huku si sokoni."

"Ndiyo maana ninasema. Sokoni unakubali, kwa mungu unakataa."

Ilionekana kwamba haikuwa mara ya kwanza Fusae kushindwa siku hiyo. Akamwambia Masuyo aandike jina la binti, umri wake, na anapokaa. Masuyo alilaza karatasi juu ya tangi la pikipiki, akaandika kwa herufi zake kubwa za kuandikia orodha ya chakula shuleni. Akataka kumpa mkononi pamoja na bahasha ya sadaka, Fusae akarudi nyuma nusu hatua.

"Weka juu ya jiwe."

Akaweka juu ya jiwe. Fusae akaichukua kutoka juu ya jiwe. Hakuna aliyeona vibaya.

Walipopita lango na kupotea katikati ya majani mekundu, Masuyo alibaki amesimama. Hakupiga makofi, maana si haki yake bado. Alikunja mikono tu tumboni akangoja, na alishangaa kuona kwamba hakuogopa. Kengele ililia ndani, mara moja, halafu tena. Ya pili alijiambia ni ya Chinami.

Ilipita karibu saa nzima. Wakatoka, Fusae mbele, na mikononi mwake vifurushi viwili vyeupe. Masuyo akanyoosha mikono, kisha akaikunja mwenyewe kabla hajaambiwa. Wote watatu wakakitazama kifurushi. Mkaja umefika nje ya lango ukiwa safi. Sasa utabebwa na nani?

"Sikulifikiria hili," alisema Fusae.

"Fungua sanduku la nyuma," alisema Masuyo. "Kufuli limeachwa wazi. Weka ndani, funga wewe. Mimi sitaligusa. Binti yangu atalifungua mwenyewe. Yeye ni mjukuu wa marehemu, siku zake ni thelathini, zimekwisha."

Fusae alifungua lile sanduku lililofungwa nyuma ya kiti, akatandaza kwanza leso yake mwenyewe, akalaza kifurushi juu yake kama anavyolazwa mtu, akafunika, akajaribu kifuniko mara tatu. Alikuwa mwanamke wa kujaribu mara tatu. Alisema kuhani amemtaja Chinami kwa jina lake lote, na kijiji, hakukosea. Akasema pia, kwa ukali kidogo, kwamba mtoto akizaliwa Masuyo aje mwenyewe kuurudisha, apite langoni kama watu.

"Nitakuja," alisema Masuyo. Akawainamia wote wawili mpaka nywele zikamwangukia usoni. Riho alimwambia aendeshe polepole. Masuyo akamwambia naye avae viatu visivyo na kamba, na Fusae akacheka kwa sauti kubwa iliyowageuza watu.

Kurudi hakukukawia. Alipanda Kurumi kwa gia ya pili, akapita madhabahu ya njia bila kusimama, akamwona Ogiwara kwa mbali, akapiga honi mara moja. Alijua kilo ngapi zilikuwa nyuma yake, hazikufika hata moja, lakini kila kona aliilaza kama amebeba maji hadi mdomoni mwa ndoo.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya nyumba ya Chinami, mjini chini ya mlima. Jua lilikuwa juu ya kilele bado, kama mkono mmoja. Chinami alitoka amejifunga shali, na mumewe Daichi nyuma yake na malapa ya kike miguuni kwa haraka. Masuyo hakushuka kwanza. Alimweleza bintiye pale pale barabarani, moja baada ya jingine: hesabu ya siku, chumvi, Fusae, jiwe, sanduku.

"Sikuingia, Chinami. Ameingia mtu mwingine kwa niaba yangu. Uamuzi ni wako."

Chinami hakusema haidhuru. Alizunguka nyuma ya pikipiki, akafungua sanduku kwa mikono yake, akakitoa kifurushi, akafungua karatasi. Kitambaa kilikuwa laini kwa kufuliwa. Akalitafuta pindo.

"Nobuko," akasoma. "Mtoto, Shunsaku. Kilo tatu na nusu." Akasoma tena. "Kilo tatu na nusu, Mama. Huyu si mtoto, ni gunia."

Kisha akafuta macho kwa shali, akaingia ndani, na mlango akauacha wazi.

Masuyo alisimama kizingitini. Mikono aliiweka nyuma ya mgongo, kiganja kimoja kimeshika kingine, maana aliijua mikono yake. Ndani, Daichi alikuwa ameushika mkaja kama mtu anayepewa nyoka, akiuliza uanzie wapi.

"Chini ya kitovu," alisema Masuyo. "Chini zaidi. Sasa zungusha nyuma, usiuruke mgongo, mgongo ndio unaobeba. Kaza. Daichi, mwanangu, kaza, lakini si kama unafunga mzigo."

"Hivi, Mama?"

"Mwulize mwenyewe."

Chinami alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, akizunguka polepole ili kitambaa kimfuate, na jua la mwisho likiingia hadi miguuni pake. Akasimama. Akavuta pumzi, akaitoa.

"Bado mzunguko mmoja," alisema, akazunguka.